Mufti ni sheikh au ni jinzi na tisheti?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Nkuhungu hapa hapa Dodoma, nalifupisha maana lilikuwa refu: "Shikamoo mwalimu. Mwanangu anasoma inglishi midiamu, mwalimu wao mkuu ni mgeni katoka nje. Juzi wametuma meseji kwenye grupu la wazazi, 'Friday is Mufti Day'. Mi nikajua labda kuna ugeni wa Mufti, nikampigia pasi kanzu nyeupe nikamvika na baraghashia. Kufika shule wenzie wote jinzi, tisheti na raba, mtoto karudi analia kachekwa. Baba yake akanionesha kwenye simu habari ya Nigeria imeandikwa polisi 'in mufti' wamekamata wezi. Sasa hawa Wazungu wanatukejeli au? Na Mufti mwenyewe kazi yake ni nini hasa, maana mama mkwe wangu yuko Kondoa, kuna ishu ya mirathi ya marehemu baba mkwe, mmoja anasema twende kwa Mufti, mwingine kwa kadhi, mwingine mahakamani, tumechanganyikiwa."

Marahaba dada, na pole na mtoto. Nianze na yeye kwanza, mwambie hakukosea kuvaa. Ukifuata historia ya hilo neno yeye ndo alikuwa karibu na ukweli kuliko darasa zima, kwa sababu siku Waingereza walipoanza kuziita nguo za nyumbani mufti walikuwa wanafikiria gauni refu la kiume na kofia, jinzi hizi zenye pini za shaba za kubana mifuko zimepata hakimiliki Marekani mwaka 1873, na neno mufti kwa maana ya nguo lilishakuwepo kwenye maandishi ya Kiingereza tangu 1816. Kwahiyo wenzie ndo walienda na fasheni ya baadaye.

Iko hivi. Kiingereza kina mufti wawili. Wa kwanza ni huyu huyu wetu, mwanachuoni anayetoa fatwa, huyo Waingereza walimjua tangu mwishoni mwa karne ya 16 walipoanza kufanya biashara na dola ya Waturuki wa Othmani, wakawa wanaandika kwenye barua na vitabu vyao habari za Mufti wa Istanbul. Wa pili ni nguo za kiraia anazovaa mtu ambaye kwa kawaida anavaa sare, askari, mwanajeshi, mwanafunzi, nesi, yani mtu ambaye nguo zake za kazi zinajulikana. Mtu asiye na sare hawezi kuwa kwenye mufti kwa maana hiyo, mimi hapa nikivaa shati langu la kawaida nimevaa shati tu, basi.

Sasa sheikh amegeukaje kuwa nguo? Hapa inabidi umuone ofisa wa jeshi la Uingereza wa enzi zile. Mchana kutwa kabanwa na koti jekundu limefungwa vifungo mpaka kidevuni, shingoni kuna ukanda mgumu wa kumfanya asimamishe kichwa, buti ndefu. Jioni akirudi kwenye chumba chake anavua yote anavaa joho jepesi la kuburuza, sendozi laini miguuni na kofia ya kitambaa kichwani, ingine ina kishada kinaning'inia. Akitoka hivyo mbele ya wenzie lazima atataniwa, na utani ukawa huyu kawa Mufti leo. Ndo maelezo yanayokubalika zaidi na ndo waliyoyaandika Yule na Burnell, Waingereza wawili waliofanya kazi India miaka mingi, kwenye kamusi yao ya 1886 ya maneno ya kihindi-kizungu, wenyewe walisema ni "huenda" lakini hakuna aliyekuja na jingine lenye nguvu zaidi.

Na hao maofisa Mufti wenyewe wengi hawakuwahi kumuona hata kwa mbali. Walimjua wa kwenye maigizo. Ulaya karne ya 17 na 18 kulikuwa na homa ya vitu vya Kituruki, kahawa, ngoma, vilemba, na kwenye majukwaa Mturuki alikuwa mtu wa kuchekesha. Mwaka 1670 Molière alimwandalia mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa mchezo ambao ndani yake anatokea Mufti wa uongo ana kilemba kikubwa kupita kiasi kimechomekwa mishumaa inawaka, anaongea maneno yasiyoeleweka, na aliyecheza nafasi hiyo alikuwa Lully mwenyewe, mtunzi wa muziki wa mfalme. Kwahiyo ukiniuliza kama kuna kejeli, jibu langu ni kwamba kwenye mizizi ipo, ya kumcheka mtu wa mashariki na majoho yake, hiyo siwezi kukuficha. Ila mwalimu mkuu aliyeandika ile meseji hana habari nayo kabisa, kwake mufti ni neno la shule kama vile ripoti na mitihani, amekua nalo. Usimwekee kinyongo, mwambie tu siku nyingine aandike watoto waje na nguo za nyumbani kila mzazi ataelewa.

Kuna kingine cha kuchekesha hapo. Lile joho la nyumbani Waingereza karne ya 18 waliliita banyan, na hiyo banyan ni Baniani huyu huyu tunayemjua sisi, mfanyabiashara wa Gujarati, yule wa "Baniani mbaya kiatu chake dawa". Yani bwana mkubwa wa London anavaa joho limepewa jina la mwenye duka wa Kihindi, alafu akilivaa anaitwa jina la mwanachuoni wa Kituruki. Na sare yenyewe baadaye nayo ikaja kuwa kaki, neno la Kiajemi na Kihindi maana yake rangi ya vumbi, ilianza na kikosi kimoja cha Waingereza huko Peshawar miaka ya 1840 kwa sababu koti jekundu au jeupe kwenye vumbi ni kujitangaza kwa adui. Sisi wa Dodoma hatuhitaji kuelezewa hilo, shati jeupe linatoka Mtumba saa kumi jioni limeshakuwa kaki lenyewe.

Sasa kabla hujawashangaa Waingereza sana nikuulize, wewe umewahi kusikia askari kanzu? Watu wa umri wangu tulikuwa tunalisikia kila siku na magazeti bado yanaliandika, askari kanzu ni mpelelezi, polisi anayefanya kazi bila sare. Hakuna anayesikia askari kanzu akafikiri huyo askari ni imamu. Zamani mwanaume wa mjini nguo yake ya kawaida ya kutokea ilikuwa kanzu, muislamu kwa asiye muislamu, kwahiyo polisi aliyetaka kujichanganya sokoni ama kwenye vilabu alivua kaptula yake ya kaki akavaa kanzu, akapotea kwenye kundi. Leo hata akivaa jinzi na kofia ya Yanga bado ni askari kanzu. Angalia sasa, Waingereza wamechukua nguo ya sheikh wakaifanya jina la nguo ya kiraia, na sisi tumechukua kanzu tukafanya jina la polisi asiye na sare, hakuna aliyemwiga mwenzie, na kote kote kanzu yenyewe imebaki kwenye jina tu mwilini haipo. Kwahiyo ile habari ya Nigeria ungeitafsiri kwa Kiswahili cha magazeti yetu ingekuwa askari kanzu wamekamata wezi, wala isingekushtua.

Tofauti ni kwamba kwao mwenye kuvua sare alikuwa bwana mkubwa anayepumzika, kwetu ni askari anayejificha. Ndo maana neno lao lina raha ndani yake, la kwetu lina hofu, ukisikia baa kuna askari kanzu unapunguza sauti. Na kwetu mambo yalikuwa kinyume zaidi ya hapo, maana askari wa Mjerumani na baadae wale wa KAR, jeshi la mkoloni Mwingereza huku Afrika Mashariki, walipewa tarbushi kichwani, kofia ya mtindo ule ule wa Kituruki. Ofisa kwao Uingereza alivua sare ndo afanane na Mturuki, askari wetu alivishwa sare ndo afanane nae!

Hapa Dodoma kipindi cha Bunge utawaona wengi tu, siku hizi kanzu hamna ni kaunda suti au suti nyeusi na miwani. Mi huwa naangalia viatu. Kuna jamaa alikaa meza ya jirani pale kwenye mgahawa karibu na Nyerere Square, shati la maua limechomolewa nje, kandambili angevaa ningeamini, lakini chini kuna kiatu cheusi cha kamba kimepigwa kiwi mpaka kinaakisi taa na mji mzima ni vumbi, muhudumu kafika akamwambia afande karibu, jamaa hata hakukataa.

Na neno tunalotumia sasa hivi, nguo za kiraia, nalo ni la Kiarabu, raia asili yake ni wale wanaochungwa, kundi la mchungaji, Waturuki nao walilitumia hivyo hivyo kwa watu wao wa kawaida wanaolipa kodi. Basi hata tukikimbia mufti bado tuko kule kule.

Hilo la mufti kama nguo utalikuta Uingereza, Australia, Nyuzilandi, Fiji, India, Pakistani, Nigeria na Ghana, mahali ambapo jeshi au shule za Kiingereza zilipita. Nyuzilandi mtoto akija na nguo za nyumbani siku hiyo anatoa sarafu ya dola moja au mbili, wenyewe wanaiita sarafu ya dhahabu kwa ajili ya rangi yake, hela inaenda kwenye msaada, kwahiyo usishangae na kwenu wakianza kudai elfu moja moja. Wamarekani hawalitumii sana. India kuna kampuni ya nguo za vijana inaitwa Mufti inauza majinzi tangu 1998, ukiiona kwenye mtandao usitume salamu ya Eid. Na magereza ya Uingereza miaka ya 70 mwishoni kulikuwa na kikosi cha kutuliza fujo kikaitwa MUFTI, hicho ni kifupisho tu cha maneno marefu, kilisifika kwa mabaya pale gereza la Wormwood Scrubs mwaka 1979, hakihusiani na sheikh wala nguo.

Sasa twende kwa Mufti mwenyewe maana hapa ndo penye faida yako.

Mufti kwa Kiarabu ni mtoa fatwa, hamna zaidi. Fatwa ni jibu la swali la dini. Anakuja mtu ana jambo limemkwama, je hii biashara inafaa, je hii talaka imepita, je naweza kufunga na sindano ya sukari, anauliza, mwanachuoni anaangalia Qur'an, hadithi, wanachuoni walikubaliana nini, na wenye madhehebu wamesemaje, sisi huku Afrika Mashariki wengi ni Shafi, alafu anajibu na mwisho anaandika Wallahu aalam, Mungu ndiye mjuzi zaidi. Hilo neno la mwisho wengi wanaliruka kulisoma lakini ndo linakuambia fatwa ni kitu gani, ni rai ya mjuzi. Wazungu wengi walisikia fatwa mara ya kwanza 1989 Ayatollah Khomeini alipotoa ile ya kumuua mwandishi Salman Rushdie, tangu hapo wakajua fatwa ni hukumu ya kifo, wakati fatwa nyingi zinazotolewa duniani kila siku ni za udhu, mikopo na mahari.

Watu wa zamani walikuwa wanaiogopa hiyo kazi. Imam Malik wa Madina inasimuliwa aliulizwa maswali mengi kwa mpigo, mengi yake akajibu sijui. Imam Nawawi wa Shamu, yani Syria, karne ya 13, ambaye vitabu vyake mpaka leo vinasomeshwa kwenye madrasa zetu, ameandika kwamba mufti asitoe fatwa akiwa na hasira, njaa, kiu, usingizi, huzuni, hata furaha iliyozidi, hata akiwa anataka kwenda msalani, hata kwenye joto linalokera. Kwa hilo la joto mamufti wa Dodoma mwezi wa kumi wangefunga ofisi saa sita.

Waturuki ndo waliomfanya Mufti kuwa cheo kikubwa cha serikali, Mufti wa Istanbul akaitwa Sheikh ul-Islam, akawa na makarani wanaopokea maswali na kuyaandika upya kwa kifupi ili yeye aweke tu inafaa au haifai. Alikuwepo mmoja mwanzoni mwa karne ya 16, Ali Efendi, watu walimpa jina la utani Zenbilli, yani mwenye kikapu, kwa sababu alikuwa anateremsha kikapu kwa kamba kutoka dirishani kwake ghorofani, mwenye swali anatumbukiza karatasi, kikapu kinapanda, baada ya muda kinashuka na jibu. Hakuna foleni, hakuna kumjua mtu, hakuna bahasha. Na cheo kilikuwa na meno, mwaka 1909 Sultan Abdulhamid wa pili aliondolewa kwenye kiti na wapinzani wake waliona lazima wapate fatwa kwanza ya kumuondoa, wakaipata.

Baada ya hapo kila nchi ina utaratibu wake na hapa ndo watu wanachanganya. Misri wana taasisi ya serikali ya fatwa tangu 1895. India na Pakistani mufti ni kisomo, ukimaliza masomo ya dini unaongeza miaka ya fani ya kutoa fatwa unaitwa mufti, kwahiyo wapo maelfu, kama vile Mufti Menk wa Zimbabwe mnayemsikiliza kwenye simu, kasoma Madina na India, hilo ni jina la elimu. Kwetu mufti ni kiti, na anayekikalia ni mmoja.

Tanzania Bara Mufti ni kiongozi wa BAKWATA, baraza lililoundwa 1968 baada ya ile jumuiya ya zamani ya waislamu wa Afrika Mashariki, EAMWS, kufungwa, makao makuu Kinondoni, Dar es Salaam. Alikuwepo Sheikh Hemed bin Jumaa mpaka alipofariki 2002, akafuata Sheikh Issa bin Shaaban Simba mpaka 2015, na kuanzia hapo Sheikh Abubakar Zubeir. Chini yake kuna sheikh wa mkoa, wa wilaya mpaka kata. Zanzibar wana Mufti wao, ofisi yake imewekwa na sheria ya 2001 na anateuliwa na Rais wa Zanzibar, kwahiyo ni ofisi ya serikali kabisa. Uganda wana Mufti wa baraza lao pale Kampala. Kenya hawana Mufti rasmi, wana Kadhi Mkuu aliyetajwa na katiba na ndo anayetangaza mwezi.

Na mwezi huo ndo mahali mwananchi wa kawaida anamjulia Mufti, ile usiku wa mwisho wa Ramadhani kila mtu kakaa na simu anasubiri Mufti kasemaje. Hata hapo utaona fatwa ilivyo, Mufti akitangaza mwezi haujaonekana, jirani yako anayefuata mwandamo wa kimataifa kashakula pilau, na hakuna askari anayekuja kumkamata, awe wa kaki au wa kanzu. Waislamu wengi wanamfuata, wengine wana jumuiya zao na masheikh wao hawako chini ya BAKWATA na wanasema hivyo waziwazi, sitaki kuingia kwenye hilo leo tutakesha.

Sasa kadhi. Kadhi ni hakimu, anasikiliza pande mbili, anaita mashahidi, alafu anaamua na uamuzi wake unambana mtu. Mufti anajibu kile alichoulizwa na anayemuuliza. Chukulia mpira, kadhi ni refa yuko uwanjani kaona rafu na ana kadi mfukoni, mufti ni yule anayejua kitabu cha sheria za mpira nje ndani lakini wewe ndo unamsimulia rafu ilikuwaje. Ukimsimulia kwa kujipendelea atakupa jibu zuri sana la rafu ambayo haikutokea. Hilo lishikeni kwenye hiyo familia, maana kwenye mirathi nimeona sana, kaka ana fatwa yake mfukoni, dada ana ya kwake, zote za kweli zote zimetolewa na masheikh wanaoeleweka, ila kila mmoja aliuliza swali lake, mmoja alisema nyumba ilikuwa ya marehemu, mwingine alisema ilikuwa ya mama.

Na kuna jambo la kisheria watu wa Bara hawapendi kulisikia. Mahakama za kadhi zilikuwepo enzi za mkoloni, zikaondoka kwenye mfumo kwa sheria ya mahakama za mahakimu ya 1963. Mjadala wa kuzirudisha umepiga kelele miaka mingi na mwaka 2015 ulifika mpaka hapa Bungeni Dodoma ukaahirishwa. BAKWATA wana makadhi wao na wanasuluhisha mambo mengi vizuri tu, lakini karatasi ya kadhi wa Bara haina nguvu ya hukumu ya mahakama, benki hawataitambua kufungua akaunti ya marehemu, na ardhi hawatabadilisha jina la kiwanja kwa karatasi hiyo. Zanzibar ni tofauti, mahakama za kadhi ziko kwenye sheria na zinaamua ndoa, talaka na mirathi ya waislamu.

Kwahiyo ya mama mkwe wako. Wote watatu wana kipande cha ukweli ila mpangilio ndo wamekosea. Mnaanza na kikao cha familia, mnaandika muhtasari, nani warithi, mali ni zipi, madeni ni yapi, na mnapendekeza msimamizi wa mirathi, wote mnasaini. Mkiwa kwenye kikao hicho ndo mmuite sheikh anayejua mirathi, wa hapo hapo Kondoa wako wazuri huna haja ya kupanda basi kwenda Kinondoni kumtafuta Mufti, mwambieni hali yote mkiwa pamoja mezani, isiwe mmoja mmoja kwa mlango wa nyuma. Atawapigia mahesabu, kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia kama upo na usizidi theluthi moja, kinachobaki ndo kinagawanywa. Mama mkwe kwa kuwa marehemu kaacha watoto anapata thumuni, moja ya nane, na kama kulikuwa na mke mwingine, samahani kwa kuuliza, hiyo thumuni wanagawana, haiwi kila mmoja ya kwake. Mama mzazi wa marehemu kama yu hai ana sudusi, moja ya sita, huyu bibi watu wanamsahauga sana. Watoto wa kiume wanachukua mara mbili ya wa kike.

Alafu mnaenda Mahakama ya Mwanzo, na iwe ya eneo alilokuwa anaishi marehemu, yani Kondoa, msije mkafungua hapa mjini kwa sababu tu mume wako yuko Dodoma, itakuja kupingwa. Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka ya mirathi ya kiislamu na ya kimila, ila kuwa muislamu kwa jina tu haitoshi, hakimu ataangalia marehemu aliishi vipi, na akitokea ndugu akadai mzee alikuwa anafuata mila za Kirangi kwenye mambo ya mashamba hapo ndo mnaweza kubishana miezi, kwahiyo kama kuna chochote kinaonesha alitaka mali yake iende kiislamu, wasia, cheti cha ndoa, watu wa msikiti aliokuwa anasali, mwende nacho. Mbebe cheti cha kifo na ule muhtasari. Karatasi ya mahesabu ya sheikh iambatanisheni, haimfungi hakimu ila inamsaidia, na inawanyamazisha wale wajomba wanaojua kila kitu.

Msimamizi akishateuliwa mkumbusheni kwamba kuteuliwa hakujamfanya mwenye mali. Ana miezi minne ya kupeleka mahakamani orodha ya mali na madeni kwenye fomu namba 5, akichelewa aombe kuongezewa muda, na baada ya hapo anapeleka hesabu ya mirathi kwenye fomu namba 6 kwa vipindi atakavyopangiwa na mahakama, na akikaa kimya mrithi yeyote hata mama mkwe mwenyewe anaweza kwenda kwa karani wa hiyo mahakama na namba ya shauri akaomba aitwe ajieleze. Hiyo namba ya shauri iandikeni sehemu mbili, na moja akae nayo mama.